Robota la Nusu Bei

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako hakuna sungura, usifanye haraka ya kufungua ukurasa mwingine. Haya nitakayokusimulia yanahusu sungura na chakula chake, lakini yanahusu pia baba na mtoto wake, na neno moja dogo la uongo nililolitamka asubuhi moja ya mwezi wa Julai nikidhani kuwa ni neno la huruma.

Nilihamishwa na ofisi yangu kutoka Dar es Salaam kuja Singida. Kwa asiyeujua mji huu, umekaa juu penye upepo, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, baina ya majabali makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Ni nchi ya alizeti, mtama, uwele na vitunguu, na kuku wake hujulikana hata katika masoko ya Dar es Salaam. Mvua yake ni ya msimu mmoja. Huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima aghalabu ni baina ya milimita 500 na 800. Baada ya hapo ni jua na upepo, kwa nusu mwaka na zaidi.

Binti yangu wa miaka tisa hakuupenda uhamisho ule. Aliwaacha rafiki zake, akaiacha shule yake, akaiacha bahari. Hakulia, wala hakulalamika. Alinyamaza tu, na wewe uliye mzazi unajua kwamba mtoto anayenyamaza huhangaisha kuliko anayelia. Ndipo mzee mmoja jirani yetu, Mnyaturu ambaye katika ujana wake alikuwa akiswaga ng'ombe kutoka minadani hadi kwenye reli ya Manyoni, alipobisha hodi jioni moja ya mwezi wa Januari akiwa na kikapu. Ndani yake mlikuwa na sungura wawili wadogo, mmoja mweupe na mmoja wa rangi ya majivu.

"Mjukuu wangu," alimwambia binti yangu, "hawa hawana mama wala hawana mji. Nimesikia kwamba hapa yupo mtu anayejua maana ya kuwa mgeni."

Binti yangu alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu tushuke kutoka kwenye basi.

NEEMA YA MASIKA

Miezi ile ya mvua kumlisha sungura Singida si kazi. Kila jioni, baada ya shule, binti yangu alichukua kikapu na kwenda kuchuma mchunga pembezoni mwa mashamba, pamoja na watoto wenziwe. Ni mchunga uliompatia rafiki. Alijifunza kuutambua kwa maziwa yake meupe na uchungu wake, akajifunza kukata ukoka uliochipua, na alirudi nyumbani na maneno matatu manne ya Kinyaturu aliyoyapata njiani. Mimi na mama yake tulitazamana tukamshukuru Mungu.

Lakini nchi hii haimdanganyi mtu. Mei ilipofika mvua zilikuwa zimekwisha. Juni nyasi za kandokando ya njia zilikuwa za rangi ya mkate, na mchunga ulikuwa umekauka. Sungura wawili wadogo walikuwa wamekuwa sungura wawili wakubwa, na kikapu kilirudi kitupu. Binti yangu alikuja barazani nilipokuwa nikiandika, akasema, "Baba, hawana chakula."

Siku ya pili nilikwenda kutafuta majani makavu, ambayo mabwana mifugo huyaita hei. Nilimkuta mtu mmoja anauza marobota kando ya barabara. Alikuwa na marobota ya bei kamili, na alikuwa na moja la nusu bei. Nililitazama lile la nusu bei. Kwa nje lilikuwa la kijani kupita mengine yote. Nilijiona mwerevu. Mke wangu aliponiuliza kwa nini limeuzwa rahisi, nilimjibu kwa dharau kidogo, "Majani ni majani."

Msomaji wangu, maneno hayo matatu yamenigharimu.

ASUBUHI YA JULAI

Kwa siku mbili sungura walikula majani ya pembeni mwa robota. Siku ya tatu tulipofika katikati, waliyanusa, wakayageuzia mgongo. Nilisema wanadeka. Ili wasilale njaa niliwapa pumba za mahindi, na kwa kuwa walizipenda nikawaongezea, kisha nikawapa na mikate iliyobaki mezani. Mweupe, aliyekuwa mlafi, alizila zote. Siku ya nne alijikunyata pembeni mwa banda, tumbo limemvimba, akisaga meno. Sakafu ya banda, ambayo kila siku ilijaa gololi zake, ilikuwa safi. Mimi nisiyejua nilifurahi kwamba siku hiyo hakuna cha kufagia.

Kulipokucha alikuwa amekufa.

Usiku huo ulikuwa wa baridi kali, na upepo wa Singida mwezi wa Julai hupenya hata penye ukuta. Binti yangu alisimama mbele ya banda na sare yake ya shule, akauliza, "Baba, amekufa kwa nini?" Mimi, ambaye katika kifua changu nilikwisha kuanza kulishuku lile robota, nilimwambia, "Baridi, mwanangu. Baridi ndiyo iliyomwua."

Nilidhani nimemwondolea uchungu. Nani awezaye kuikasirikia baridi?

Tulimzika nyuma ya nyumba. Lakini toka siku ile mtoto alirudia ule ukimya wake wa kwanza. Hakwenda tena kwa rafiki zake. Wiki ilipita. Usiku mmoja niliamka kunywa maji, nikaona mlango wa nyuma u wazi. Nilitoka nikamkuta binti yangu amechuchumaa kandoni mwa banda, anatetemeka kwa baridi, na blanketi lake mwenyewe amelifunika juu ya yule sungura wa majivu.

"Mwanangu, wafanya nini hapa usiku huu?"

Alinijibu bila ya kunitazama. "Siku ile mimi ndiye niliyesahau kuliteremsha gunia la mlangoni. Mimi ndiye niliyeacha baridi ikaingia."

Ndugu msomaji, nilisimama pale kama mtu aliyepigwa. Nilikuwa nimeitafutia lawama yangu mahali pa kuiweka nikaiweka kwenye hali ya hewa, nayo haikukaa huko hata saa moja. Ilimwendea mtoto.

KWA MZEE

Asubuhi nilimwita mzee jirani. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikamwonyesha robota. Hakusema neno. Aliomba panga, akalikata robota katikati, akalipasua kama mtu apasuaye boga. Ndani palikuwa na rangi ya ugoro. Majani yalikuwa yameshikana, yenye madoa meupe na meusi, na alipoyatikisa yalitoa vumbi jepesi kama moshi. Harufu yake ilikuwa ya chumba kilichofungwa masika nzima.

"Haya yalifungwa yakiwa mabichi," alisema. "Majani yakifungwa na maji yake hujipika yenyewe kwa ndani. Nje yatakupendeza, kwa sababu nje upepo ulipita. Mwanangu, ng'ombe wa mwenzio ukitaka kumnunua, utamtazama pembe tu? Si utamfunua mdomo?"

Kisha akamtazama sungura wa majivu, akaongeza, "Huyu alipoyakataa alikuwa anasema. Wewe kazi yako si kusikiliza watu?"

Nilicheka kwa aibu. Chuoni, nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, somo la kwanza lilikuwa la maswali ambayo habari yoyote haikamiliki pasipo nayo: ni nini, nani, wapi, lini, vipi na kwa nini. Nimeyauliza maswali hayo mbele ya wakubwa na wadogo. Mbele ya robota la majani sikuuliza hata moja.

Jioni ile nilimketisha binti yangu barazani nikamwambia kweli. Nilimwambia kuwa gunia la mlangoni halikuhusika, kwamba sungura mwenye manyoya yake na banda kavu huistahimili baridi ya Singida kuliko anavyostahimili joto la Dar es Salaam. Kwamba baba alinunua majani mabovu kwa kupenda rahisi, akaziba pengo kwa pumba na mikate, na kisha akasema uongo. Alinyamaza kitambo kirefu. Halafu akauliza, "Sasa Baba, majani mazuri yanajulikanaje?"

Hakuniambia amenisamehe. Aliniuliza swali, na kwa mtoto yule swali lilikuwa ndio msamaha wenyewe. Basi tukaanza kujifunza pamoja, kwa mzee, kwa bwana mifugo na kwa vitabu. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

KWA NINI MAJANI MAKAVU?

Kwanza tumfahamu mnyama mwenyewe. Yule sungura mjanja wa hadithi zetu, anayepita porini kwa mbio, si ndugu wa tumbo moja na huyu wa bandani. Wa porini kwetu huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, juu ya ardhi. Huyu wa bandani asili yake ni nchi za Hispania na Ureno na kusini ya Ufaransa. Huzaa watoto walio uchi na vipofu, ndani ya shimo. Lakini wote wawili wameumbiwa kula nyasi.

Meno ya sungura hayakomi kuota maisha yake yote. Yale ya mbele hukua kiasi cha milimita mbili au tatu kwa juma, na hupungua kwa kusagana. Jino husagwa sawasawa kwa majani marefu yenye nyuzi, ambayo mnyama huyatafuna muda mrefu akipeleka taya kushoto na kulia. Pumba na mkate humezwa upesi, nalo jino hubaki likiota mpaka likachoma ulimi au shavu.

Tumbo lake nalo ni kama kinu ambacho hakipaswi kusimama. Nyuzi za majani ndizo zinazolisukuma. Zikikosekana, au wanga ukizidi, kinu husimama, hewa hujaa, na sungura hawezi kutapika ili apate nafuu. Ndiyo maana sakafu ile safi niliyoifurahia ilikuwa kilio cha hatari. Sungura aliyepitisha nusu siku bila ya kula wala kutoa choo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usistaajabu, kwa upande mwingine, ukimwona usiku akila kinyesi fulani laini chenye kung'aa kama zabibu ndogo zilizoshikana. Huo si uchafu wala ugonjwa. Ni namna yake ya kucheua, kama ng'ombe anavyocheua, ili chakula kipite tumboni mara ya pili.

Kwa hiyo majani makavu si chakula cha dharura cha kiangazi, kama nilivyodhani. Ni chakula kikuu cha sungura mzima mwaka wote, na yawepo mbele yake mchana na usiku. Kipimo cha chini kabisa ni fungu lenye ukubwa wa mwili wake kila siku. Mbogamboga ni kitoweo. Pumba ni kionjo tu.

MASWALI YA KUULIZA

Swali la kwanza: ni majani gani? Vitabu vya Ulaya na Marekani husifu majani yaitwayo timothy, lakini hayo ni ya nchi za baridi, wala hatuna haja ya kuyalilia. Afrika ya Mashariki tunazo nyasi za Rhodes, ambazo wakulima huziita Boma Rhodes. Zilichukua jina la Cecil Rhodes kwa kuwa alizipanda katika mashamba yake Afrika ya Kusini, lakini nyasi zenyewe ni za Afrika toka mwanzo. Zina mashina membamba, majani mengi, na hukauka vizuri. Ukoka nao ni mwema sana. Mabingobingo hufaa yakikatwa machanga, lakini yakikomaa mashina yake huwa kama fimbo. Mabua ya mpunga na ya mahindi yafae kutandikwa. Hayamshibishi mtu mwenye haki yake.

Majani ya jamii ya kunde ni mlango mwingine. Lusani, majani ya karanga na ya kunde yana nguvu nyingi na chokaa nyingi. Yanawafaa watoto wa sungura wasiotimiza miezi sita, na mama anayenyonyesha. Sungura mzima akiyala kila siku, chokaa ile hupitia kwenye mkojo na huweza kuganda ikawa kama mchanga au mawe katika kibofu. Na usiichanganye lusani na mlusina, ule mti unaopandwa kwa ajili ya mbolea na kuni. Majani ya mlusina yana sumu inayompukutisha sungura manyoya.

Swali la pili: yalikatwa lini? Nyasi ni kama mboga, zina siku yake. Zikikatwa pale tu zinapoanza kutoa maua, shina bado ni laini na jani bado lina lishe. Zikiachwa mpaka mbegu zimwagike, kinachobaki ni uti. Kwetu Singida siku hiyo huangukia baina ya Machi na Aprili. Zile nyasi zinazokatwa Agosti kandokando ya barabara, nyeupe kama karatasi, hazikukaushwa, zilikufa zimesimama.

Swali la tatu: yalikatwa wapi? Nyasi za ukingo wa barabara kuu zimebeba vumbi, moshi na mafuta ya magari. Za kandoni mwa shamba la vitunguu au nyanya huenda zimepuliziwa dawa juzi. Na hapa mkoani kwetu, ambapo maboma mengi yamezungushiwa minyaa, jihadhari na nyasi zilizokatwa chini ya ua, kwa sababu utomvu wa mnyaa huunguza kinywa. Pekua pia mbigili, maana mwiba wake mmoja waweza kumtoboa sungura ufizi. Mzee alinionya zaidi juu ya machipukizi ya mtama yanayoota baada ya mavuno. Wafugaji wamepoteza ng'ombe wazima kwa sumu iliyomo katika machipukizi hayo mabichi. Sungura ataponea wapi?

Swali la nne: yalikaushwa vipi? Hapa tumia macho, pua na mkono. Rangi iwe ya kijani iliyofifia, ndani na nje. Ya kimanjano imechomwa sana na jua, yaweza kuliwa lakini lishe imepungua. Ya kahawia au nyeusi ikatae. Harufu iwe tamu, kama ya majani ya chai au ya shamba asubuhi. Ukinusa uvundo, usimwulize muuzaji, pua yako imekwisha kujibu. Kisha chukua konzi uinyonge kama mtu akamuaye nguo. Yakikupa unyevu, hayajakauka. Yakivunjika yote kuwa vumbi, yamepita kiasi. Yakikunjika, yakalia kidogo na kubaki makavu mkononi, hayo ndiyo. Mwisho, tikisa. Vumbi la udongo huanguka chini. Vumbi la ukungu huelea juu kama moshi.

Ukungu usifanyiwe mzaha. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, majirani zetu hawa, watu walipoteza maisha kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu iliyokuwa katika nafaka. Ikiwa yamfika mtu mzima mwenye kilo sitini, mnyama wa kilo mbili utamtetea kwa lipi? Yaliyoota ukungu hayaponywi kwa kuanikwa tena juani. Yatupe kwenye shimo la mboji.

Swali la tano ni lile ambalo mke wangu aliniuliza nami nikalidharau: kwa nini ni rahisi? Huenda ipo sababu njema, muuzaji ana haraka ya kusafiri au ghala limejaa. Lakini mwombe akate kamba moja utazame moyo wa robota. Mwuzaji mwaminifu hatakasirika. Huyu wa kwangu simlaumu, hakunidanganya kwa neno lolote, kwa sababu sikumwuliza neno lolote.

APRILI ILIYOFUATA

Msimu uliofuata hatukununua. Wala sisi si wa kwanza kuweka akiba ya nyasi. Wasukuma toka zamani wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo katika vijiji vingi. Kwa mwenye kutaka mbegu bora za malisho, kule Kongwa, mahali ambapo Waingereza walishindwa na mpango wao wa karanga baina ya mwaka 1947 na 1951, kipo kituo cha utafiti wa malisho. Na wakazi wa Dar es Salaam wanalo shamba la Vikuge, Kibaha. Lakini sungura mmoja hahitaji shamba. Anahitaji mundu, siku tatu za jua, na mtu mwenye subira.

Tulikata nyasi katika kiwanja cha mzee, Jumamosi asubuhi, umande ulipokwisha kukauka. Tulizitandaza chini katika tabaka jembamba, tukazigeuza mara mbili kwa siku, na jioni tukizikusanya na kuzifunika ili umande usizirudishe nyuma. Siku ya tatu zilikuwa tayari. Mzee alitutengenezea sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko. Tulitandika kamba ndani, tukashindilia nyasi kwa miguu, binti yangu akiruka juu yake kama achezaye ngoma, kisha tukafunga kamba na kulinyanyua sanduku. Likabaki robota.

Tuliyapanga marobota yetu juu ya magogo, yasigusane na sakafu wala ukuta, chini ya bati, mahali upepo unapopita na panya hapiti, kwa maana mkojo wa panya huharibu kuliko mvua. Usiyatie majani katika mfuko wa nailoni. Hutoa jasho humo na kuoza. Gunia la katani linapumua. Na kumbuka kuwa sungura alaye majani makavu hunywa maji mengi. Mwenye kilo mbili, wakati wa joto, usimpungukie glasi nzima kwa siku, na chombo kisafishwe kila asubuhi.

Siku tulipofungua robota la kwanza ilikuwa mwezi wa Julai, na upepo ulikuwa ule ule. Nilikata kamba. Binti yangu alitia mkono mpaka katikati, akatoa konzi, akaipeleka puani, akafumba macho kama mtu aonjaye mchuzi. Nilijikuta nimezuia pumzi.

"Hili zuri, Baba," alisema. Kisha akalichukua la pili, akalipekua, akaikunja sura. Pembeni palikuwa na sehemu ndogo iliyopata maji ya bati lililotoboka. "Hili hapana."

Nilitazama ile sehemu. Ilikuwa kama kiganja tu, na wazo likanijia, wazo lile lile la zamani, kwamba haidhuru, tutalitoa lile bovu na kutumia lililobaki. Alinitazama usoni akingoja niseme. Nilibeba robota zima nikalipeleka kwenye mboji.

Ndugu msomaji, wapo watakaosema kwamba katika nchi yenye shida zake, kuandika ukurasa mzima juu ya majani ya sungura ni anasa. Labda. Lakini katika nyumba zetu za mijini, kiumbe kilichofungiwa bandani hakina mahali pengine pa kutafuta riziki isipokuwa mkononi mwetu, na mtoto aliyekabidhiwa kiumbe hicho hujifunza kwetu jinsi dhamana inavyobebwa. Kabla ya kulipa, fungua robota. Na ukiwa umekwisha kukosea, kama nilivyokosea mimi, mwambie mtoto wako kweli asubuhi ile ile, kabla hajapata muda wa kujitafutia kosa ambalo si lake.